Mguu wa Wangechi

Jumatatu, 4 Agosti
Uji, vidonge vitatu, kisha daftari. Nimeficha jambo kwa miaka arobaini. Mguu wa Wangechi haukupoozwa na polio. Ni sindano yangu. Nilikuwa tabibu wa zahanati karibu na Kianyaga, yeye mtoto wa miaka mitano mwenye malaria. Nilimwambia mama yake ni polio. Aliniamini. Alinishukuru, hata.

Jumatano, 6 Agosti
Moyo unashindwa. Miguu imevimba. Sina muda wa kujihurumia. Wangechi yuko mtaa wa Skuta, lazima nimwambie kwa mdomo wangu. Nimeandika jinsi ya kumweleza. Ubongo hutoa amri, uti wa mgongo huipitisha, neva huifikisha kwenye msuli. Neva nene kuliko zote hupita ndani ya tako, unene wa kidole. Ndiyo maana sindano hudungwa juu, upande wa nje. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Mimi nilidunga katikati.

Alhamisi, 7 Agosti
Binti yangu Njeri amekataa kunipeleka. "Baba, utamsaidia nani? Mama yake alishakufa." Nikasema nitatembea. Akacheka. "Kutoka Ruring'u? Na hata kwenda chooni unashikiliwa?" Ni kweli. Nimekasirika vilevile.

Ijumaa, 8 Agosti
Sikula. Njeri amekubali. Kesho.

Jumamosi, 9 Agosti
Wangechi hushona sare za shule. Anakanyaga cherehani kwa mguu wa kulia. Wa kushoto umelegea, kiatu kimelika mbele kwa kuburutwa. Nilianza na ubongo. Akanikatiza.
"Daktari, hapa si darasani. Sema."
Nikasema. Alikata uzi, akaukunja, akaukunja tena.
"Mama alifunga kila Ijumaa mpaka akafa. Alidhani ni makosa yake, ati hakunipeleka chanjo."
Hilo sikulijua. Hakunisamehe. Hakunifukuza. Aliuliza tu nilijua lini. Nikajibu: baadaye, mguu ulipoanza kukonda.

Jumapili, 10 Agosti
Manyunyu. Njeri yuko kanisani. Nimempigia Wangechi simu. Nimemwambia jana nilidanganya tena. Kwinini, ile dawa ya malaria, ilikuwa haijaingia hata nusu, mguu ukaruka, akalia kilio ambacho si cha kuogopa sindano. Nilijua papo hapo nimegusa neva. Foleni ilikuwa hadi nje. Mama yake alikuwa akinitazama. Sikuichomoa sindano. Nilisukuma dawa yote.