Sauti Yangu Ndani ya Wimbo Wako

Mjukuu wangu, mume wangu,

Mama yako kaniambia asubuhi hii tukiosha vikombe: wenzako wa kundi la simu wameusikiliza wimbo wako, wakasema kuna mvumo nyuma, uufute. Mvumo huo ni mimi. Ulipokuwa ukirekodi, nilikuwa chumba cha pili nikimbembeleza mdogo wako. Nilinuna mpaka kikombe kikang'aa.

Chai iko kwenye chupa. Funga dirisha, mawingu haya si ya kuaminika.

~~Basi nifute.~~ Nimelikata hilo, ngoja kwanza. Mama yako anasema uliubana wimbo uwe mwepesi kutuma, ndiyo maana sauti zimeshikana. Watumie ule mzito wa mwanzo. Tumeusikiliza kwenye spika yako: wewe uko mbele, mimi napita mbali kama mtu anayefagia uani. Wakikataa tena, nifute, wimbo ni wako. Ila nakala moja niachie niwemo.

Naenda kliniki. Ingia polepole. Wimbo ulipokuwa ukilia, mama yako alisinzia kitini. Mdogo wako akaitazama spika, akanitazama mimi niliyefunga mdomo, akaitazama tena spika, naye akalala.

Bibi yako