Kahawa ya Rambirambi

Brijestovi, Ijumaa jioni, theluji ikiyeyuka

Dada yangu Fahira,

Assalaam alaykum wewe na nyumba yako yote. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila goti la kushoto bado lina ugomvi na ngazi. Presha yako je? Na yule daktari wa Malmö aliyekupiga marufuku chumvi, mmepatana? Nisalimie Amra na watoto wake, waambie bibi yao mdogo huku Bosnia bado ana meno yake yote ya mbele, kwa hiyo wasiogope kumtumia chokoleti.

Najua utajiuliza kulikoni hadi naandika wakati simu ipo. Kwenye simu ukianza kulia nami naanza kusema uongo ili unyamaze. Leo sitaki kukudanganya. Kaa chini, vaa miwani, na Amra asiende mbali.

Nianzie dukani kwa Milorad, vuli iliyopita. Nilikwenda kununua unga, nikakuta mkutano wa kampeni pale nje, bia za bure na kipaza sauti. Mgombea udiwani alikuwa Slavko, mtoto wa jirani yetu Stojanka. Ndiyo, Slavko yule yule, aliyekuwa akila pai yako ya jibini kuliko hata uliowazaa, aliyekaa dawati moja na Nermin wako na kugombea naye baiskeli moja. Sasa ana kitambi na koti la suti. Alikuwa akiwaambia watu kwamba hakukuwa na mauaji ya kimbari yoyote, hayo ni maneno ya wageni, na kwamba hao wanaoitwa marehemu wako Sweden wanakula mafao na kunywa kahawa. Halafu akaniona na unga wangu kwapani. "Aa, huyu hapa Rasema! Muulizeni kama mpwa wake Nermin hajambo huko! Mbona hata kadi hatutumii?" Wakacheka, dada. Wengine nimewatibia watoto wao kwa mikono yangu, nao wakacheka.

Nilifika nyumbani bila kujua nimefikaje. Miaka yote hii wewe uko huko Sweden unaamka usiku kumwota mwanao, halafu mtu aliyekula mezani kwako anasema mmekaa naye mnakunywa kahawa! Nilikaa siku kadhaa nikitafuna hasira. Kisha nikakumbuka ile sheria ya miaka ya karibuni, kwamba anayekana mauaji yale hadharani anaweza kufungwa hadi miaka mitano. Nikapanda basi nikaenda kushtaki.

Akaja mwendesha mashtaka, binti mdogo tu, mpole, viatu vya mjini vimejaa tope. Akauliza mmoja mmoja. Milorad alisema alikuwa stoo akipanga nyama. Mwingine alikuwa chooni. Wa tatu naye chooni. Kumbe siku ile kijiji kizima kiliharisha! Mwisho binti akaniambia kesi yote imesimama juu ya masikio yangu. Nikamwambia asihofu, dada yangu alikuwa akiniita Redio tangu utotoni, nasikia paka akipita darini kwa jirani.

Slavko naye alikuwa akipita huku na huku akisema mdomo ni wake, leo mtu anafungwa kwa neno, kesho atafungwa kwa wazo. Sikufichi, neno hilo lilinikaa. Nilimkumbuka baba alivyolala ndani enzi zile kwa kuimba harusini wimbo usiotakiwa, na mama alivyotuonya tusimwimbie hata ng'ombe. Najua mdomo uliofungwa na serikali unavyouma. Lakini wimbo wa baba haukumfuta mtoto wa mtu. Nikasema hapana, nitakwenda, nitasema nilichosikia, na hakimu aamue.

Sasa Stojanka. Tangu niliporudi kijijini, hakuna asubuhi aliyokosa kuja kunywa kahawa kwangu. Tumezungumza kuku, mvua, magoti, ndoa za watu. Lile jambo hatukuligusa hata siku moja, tulilizunguka kama shimo uani. Wito wa mahakama ulipotoka, akakata mguu. Asubuhi nilikunywa peke yangu, na kikombe chake bado nakitoa kwa mazoea.

Wiki moja kabla ya kesi nikasikia fimbo yake kibarazani. Aliingia amejifunga kitambaa cheusi, hakuketi. Alifungua mfuko akaweka mezani pakiti ya kahawa na boksi la sukari ya vipande.

Fahira, wewe na mimi tumelelewa hapa. Unajua ni nyumba gani mtu huipelekea kahawa na sukari. Nilikuwa nimeshika birika, nikaliweka chini. Nikamuuliza, kwangu amekufa nani?

Akasema, "Nermin."

Nilidhani nitampiga. Nikamwambia aseme yote au atoke. Akasema, amesimama vile vile ameegemea fimbo. Kwamba ile Julai ya mauaji, wanaume wetu walipokimbilia msituni, mtoto hakunaswa huko na wengine. Alipenya, akatembea akafika nyumbani kwenu, akakuta mlango umevunjwa na nyinyi hampo. Akaenda kwa Stojanka kwa sababu ndiye jirani aliyemjua. Alikuwa na njaa, miguu imevimba. Stojanka akampa mkate na maziwa, akamketisha nyuma ya zizi. Mumewe Radivoje alimwona. Alikwenda barabarani akarudi na wenye bunduki. Mtoto alikuwa bado anakula. Nimekuandikia hivyo kwa sababu na mimi niliambiwa hivyo, na sikuona haki nibaki nalo peke yangu.

Nilimuuliza nani alimfukia. Hapo ndipo alipoketi. Alisema walimpa Slavko koleo, umri wake ni ule ule wa Nermin, wakamwambia achimbe au aingie naye. Akachimba. Tangu siku hiyo hajawahi kulala na taa imezimwa, na kila mwaka anazidi kupiga kelele kwamba hakuna aliyekufa.

Nikamwambia anionyeshe. Akanitazama, machozi yanamtoka, lakini sauti kavu. "Rasema, wewe unamtafuta wako aliyekufa. Mimi nina huyu mmoja, mzima. Akifungwa, nani ataniingizia hata kuni? Maliza kwanza mambo yako na mahakama, mwanangu abaki nyumbani, kisha tutakwenda pamoja nikuonyeshe." Nikamwita majina yote ninayoyajua, na mengine nikayatunga pale pale. Akaondoka, akaacha kahawa mezani.

Ningefanyaje, dada? Ningemwambia binti wa mashtaka, Stojanka angekana, mwanawe angekana, Radivoje amekwisha kufa, na mlima wote huu ungechimbwa wapi? Sheria ilikuwa tayari kumfunga Slavko mdomo. Mimi nilihitaji mdomo mmoja ufunguliwe, na Stojanka ana umri wa miaka themanini na moyo mbovu. Wewe nawe si kijana. Kila Julai unaniuliza kama kuna habari, nami nasema bado.

Basi siku ya kesi nikasimama mbele ya hakimu. Binti akaniuliza kwa upole nieleze nilichosikia nje ya duka. Nikasema sikusikia vizuri. Akauliza tena. Nikasema kulikuwa na kelele, na mimi siku hizi masikio ni mazito. Mimi, Redio! Akanikumbusha niliyomwambia mwanzo, akanionya kwamba shahidi anayesema uongo naye hushtakiwa. Nikasema huenda nilichanganya. Miaka yote nimewalaani watu wa hapa kwa neno moja, hatukuona, hatukusikia. Siku ile lilitoka kinywani mwangu, laini kabisa.

Walimwachia. Kwenye ngazi Slavko alinipita, akasimama, akasema taratibu, "Ahsante, mama Rasema," kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia zamani akishapewa kipande cha pai. Nilitaka kumtemea mate. Mdomo ulikuwa mkavu.

Stojanka alitimiza. Kesho yake tulipanda naye polepole, wazee wawili, hadi shambani kwako. Kwako, Fahira. Chini ya mplamu wa mwisho, karibu na ukuta. Mti ule ndio niliokuwa nikiuchuma kila mwaka na kukupikia jamu. Nisamehe, sikujua. Niliwaambia wanaotafuta waliopotea kwamba mtu asiyetaka kutajwa amenionyesha, wakaja wakachimba siku hiyo hiyo. Jana wamenipigia. Ile damu yako uliyowaachia zamani imelingana naye.

Amepatikana, dada. Nermin wako amepatikana, mifupa yake karibu yote, si kama mumeo Hasib tuliyemzika nusu. Alikuwa amefika nyumbani.

Watamzika Julai pale kwenye makaburi ya wenzake, Potočari, na nafasi ipo ubavuni mwa baba yake. Anza kutafuta tiketi mapema.

Lakini usije bila kujua lingine. Slavko ameshinda udiwani. Juzi nilipita dukani, na masikio yangu yamepona, nikamsikia akiwaambia wenzake kwamba mifupa iliyotolewa kwa Fahira ni ya askari wa vita vya zamani. Aliyechimba mwenyewe! Na sasa hakuna atakayemshtaki, kwa sababu shahidi aliyesikia ameshaapa kwamba hasikii. Nimekurudishia mtoto, na kumwachia Slavko jina la mtoto alichezee. Kila nikijiuliza kama nilifanya vema, napata jibu tofauti. Nalia, halafu nafurahi, halafu naona aibu kwa kufurahi.

Stojanka ameanza tena kupita mbele ya lango asubuhi. Husimama kidogo, hutazama dirisha, huendelea. Sijamkaribisha, wala sijamfukuza. Ile pakiti ya kahawa na lile boksi la sukari viko juu ya kabati, sijavifungua. Rambirambi hupokelewa na mama wa marehemu, si na mama mdogo. Ukija utaniambia wewe: tuipike tumwite anywe nasi, au nimrudishie mlangoni kwake. Utakalosema nitalifanya. Na kama lawama ni zangu, unilaumu usoni, usininyamazie. Watu wa kuninyamazia ninao wa kutosha hapa.

Mbusu Amra. Ule vizuri, unywe dawa, usilie peke yako chumbani. Chumba chako nimeshakipaka chokaa na magodoro nimeyaanika. Mungu akulete salama.

Ni mimi mdogo wako,
Rasema