Nishani na Jembe la Makaburini

Jumatatu, 6 Julai
Nimeanika karafuu, nimeanua. Mvua ilitishia tu. Miguu ya Asha bado imevimba na dawa za presha hataki, eti zinamkausha koo. Mke wangu huyu mbishi tangu tuoane.
Sheha kapita jioni. Jumatano wanafungua banda jipya la skuli, wakubwa wa serikali wanakuja, wanataka askari wa vita vya Uganda akae mbele na nishani yake. Nimekubali. Asha kanuna, kasema watu hawatapenda. Watu gani? Nishani sikupewa na chama chochote. Nilipewa kwa kuwatoa majeruhi mtoni huku risasi zikipita.

Alhamisi, 9 Julai
Jana nilikaa viti vya mbele. Suti ya zamani, nishani kifuani. Jina langu likatajwa, nikasimama, makofi. Wageni ndio waliopiga. Watu wetu wa Kiuyu walisimama nyuma kabisa, mikono wameikunja. Najua maana yake. Hapa ukikaa jukwaani na wakubwa, umeshahesabiwa ni wa chama chao.
Leo msikitini nimetoa salamu. Omar kaitikia kama anayetema kokwa. Omar! Tumechimba pamoja makaburi ya kijiji hiki tangu tuna meno yote. Mwanandani, kile chumba cha ubavuni anamolazwa maiti, nimemfundisha mimi kukichonga kwenye mawe haya bila kuta kubomoka. Na maji anayotawadhia yanatoka kwenye kisima nilichochimba mimi. Shukrani ya punda.

Jumapili, 12 Julai
Mikate ya mofa anayouza Asha imebaki yote. Siku zote jua halipandi ila imekwisha. Leo hakuna aliyetuma mtoto. Wamesusa. Nishani nimevaa mimi, inayosuswa ni mikate ya mwanamke mgonjwa. Tumekula mikate mchana, tumekula usiku. Nina hasira.

Jumatano, 15 Julai
Mamake Omar kafariki alfajiri. Imetangazwa msikitini. Nikanoa jembe, nikakaa kizingitini. Kila msiba huja mtu mbio: Afande, twende. Leo hakuja mtu. Jua likapanda. Nikakaa. Baada ya adhuhuri nikasikia tahalili, jeneza likapita njia ya chini, wanapokezana mabega. Niliona migongo yao. Sikuinuka.
Asha alikuwa kulekule msibani tangu asubuhi, na miguu yake ile. Karudi kasimama mlangoni.
"Ntu huitwa msibani, weye? Omar kasimama pale makaburini kakungoja mpaka watu wakachoka."
Uongo. Angetaka angeniita.

Ijumaa, 17 Julai
Mvua. Sikwenda Ijumaa.
Kule Uganda tulimzika mwenzangu ndani ya handaki. Bila sanda. Kibla tulikisia, maana mawingu yalikuwa yametanda na wakati hatuna. Nilimfukia kwa mikono hii. Nikaapa: nikirudi Pemba salama, hakuna mtu wa kwetu atakayezikwa ovyo mradi nipo hai. Nimetimiza. Sijawahi kupokea hata kikombe cha kahawa kwa kaburi. Na mamake Omar, aliyekuwa akiniletea uji nilipokuwa mgonjwa, kachimbiwa na wengine, nami nimekaa kizingitini na jembe.
Omar ndiye aliyeanza.

Jumatatu, 20 Julai
Asha kaanguka jikoni. Tumemkimbiza hospitali Chake. Pumzi fupi. Salim, kaka yake, anakaa Madungu, hapahapa mjini, ndiko ninakolala. Kila mtu hapa mkarimu. Ukarimu wao unanichoma.

Alhamisi, 23 Julai
Wamemruhusu. Nikasema nitafute gari turudi nyumbani. Kakataa. Anataka kubaki kwa Salim, na akifa azikwe hukuhuku Madungu. Nikamuuliza kwa nini, mbele ya kaka yake, kwa sauti kubwa nisiyoitaka.
"Kule miye nani atanchukua? Weye peke yako na jeneza?"
Hakusema kwa hasira. Nimetoka nje nikazunguka mtaani mpaka magharibi. Nimewachimbia kijiji kizima, na mke wangu anakimbia kijiji atafute mabega ya kumbeba. Nawachukia. Najichukia zaidi.

Jumanne, 28 Julai
Asha kaondoka juzi, baada ya alasiri. Innalillahi.
Sikumpigia simu mtu yeyote Kiuyu. Sikutaka kumwomba mtu bega. Wosia wake ni Madungu, basi Madungu. Jana asubuhi majirani wa Salim wakachimba. Nilikaa kwenye jamvi kama mgeni.
Maiti inatoka kuswaliwa, lori likasimama. Watu wa Kiuyu. Limejaa. Habari walizipata kwa nani, sikuuliza. Wakashuka na kofia zao, wakaingia kwenye safu, hakuna aliyenitazama. Baadaye wakachukua jeneza. Waliokunja mikono skuli ndio walionyanyua. Nilitia bega mara moja, nikapokonywa kama kawaida, likaenda mbele.
Kaburini tukashuka wawili. Mgongo wa Salim mbovu. Aliyeshuka nami ni Omar, hakuambiwa na mtu. Tulimpokea Asha, yeye kichwani, mimi miguuni. Ile miguu.
"Inua kidogo," akasema.
Nikainua. Tukamlaza. Omar akanyoosha sanda, akamwelekeza kibla sawasawa, kama nilivyomfundisha. Walipopanda lori hakuniaga.
Walikuja kwa Asha. Si kwangu. Bila kuitwa wamekuja.

Jumamosi, 1 Agosti
Nimerudi. Nyumba inanuka karafuu zilizopata ukungu. Nishani nimeitia kwenye sanduku la nguo zake.
Nilikwenda kwa Omar kumpa mkono wa pole kwa kifo cha mamake. Nimechelewa mno, najua. Kapokea mkono, kasema amina, kaingia ndani. Nilibaki barazani peke yangu, kisha nikaondoka. Haki yake.

Jumatatu, 10 Agosti
Alfajiri imetangazwa: muuza samaki wa njia ya chini kafariki. Simpendi. Yeye ndiye wa kwanza kususa mikate yetu.
Sikukaa kizingitini. Nimefika makaburini hajafika mtu, nikapima kibla, nikaanza. Omar kaja jua limechomoza. Hakunisalimu. Kavua kanzu, kaitundika, kashika upande wake.
Tumechimba.