Mama Ameomba Maji

Wodi ya Wanawake, kitanda cha tisa,
Jumatano, saa nane mchana.

Mpendwa kaka,

Hujambo? Wifi hajambo? Na wale pacha, wameshazoea shule? Sisi huku tunapumua, ila mwenzetu mmoja anapumua kwa shida.

Ni mama. Miguu ile iliyokanyaga cherehani miaka thelathini sasa haiingii hata kwenye kandambili. Ukiibonyeza kwa kidole, panabaki shimo.

Daktari alinieleza taratibu. Seli nyingi za figo zimesinyaa na kufa. Zilizobaki zimekuwa kubwa kwa kubeba mzigo wa zilizokufa. Chujio linavuja, protini inapotea kwenye mkojo, na maji hayakai tena ndani ya mishipa ya damu. Yanavujia nje, yanatuama miguuni na tumboni. Ndiyo maana amejaa maji huku koo limemkauka. Kwa siku anaruhusiwa vikombe viwili vidogo, na chumvi haramu.

Kaka, hili sijamwambia mtu. Jumapili alinishika mkono akasema, "Mwanangu, nipe kidogo tu. Hata mbwa hanyimwi maji." Mama yetu, aliyekuwa hamwombi mtu hata sindano! Nikashindwa. Nikammiminia glasi ya kwanza, ya pili, mpaka jagi likaisha. Akanibariki.

Kabla ya jioni maji yalifika mapafuni. Akawa anatweta, macho yamemtoka pima, midomo imegeuka rangi. Muuguzi akaja mbio na oksijeni.

"Nani kampa maji?"

Mama ndiye aliyejibu, kwa pumzi ya kuokota: "Nimekunywa mwenyewe."

Walimchoma sindano ya kutoa maji, akarudi. Lakini daktari anasema moyo nao umetanuka kwa kazi nyingi. Mara ya pili hautahimili. Kesho wanaanza kumsafisha damu kwa mashine, na hawajaniahidi kitu.

Nimeishiwa, kaka. Najua wewe na yeye hamkuagana vizuri. Yaliyopita si ndwele. Leo tangu asubuhi ananitazama tu, hasemi, na mimi najua anachotaka. Njoo ukae upande wa pili wa kitanda. Mimi peke yangu siwezi kumnyima.

Msalimie wifi, wabusu pacha, na baba mdogo mwambie atuombee. Mungu akufungulie njia, ufike angali anakutambua.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Kitindamimba