Kaseti ya “Sa”

Mpendwa Wanjiru,

Ule mlio, tak, wa kitufe cha redio ya kaseti haujanitoka masikioni. Hapa Njoro tu wazima, na ng'ombe wako amezaa. Umeniuliza kutoka Japani nilijifunzia wapi nyimbo za huko.

Ujanani nilimpikia mwalimu Mjapani. Alirekodi nyimbo zake kwa kufuata silabi ya kwanza ya jina la wimbo, kila silabi na kaseti yake, na kaseti ya “Sa” ndiyo tuliyoimba tukimenya viazi.

“Unaimba kama mbuzi!” alinicheka.

“Na wewe unamenya kama unachonga penseli!”

Aliporudi kwao aliniachia kaseti hiyo, akasema atakuja kuichukua. Niliitunza miaka yote, maana kuwa nayo kulikuwa kumngoja. Hakuja.

Jana niliipeleka posta, ikufikie. Icheze huko kwao, dirisha likiwa wazi.

Cucu, nyanya yako