Shati Jeusi Halijakauka

Mdogo wangu mpenzi,

Kaka yako mzima, ila kitambi sasa kinanitangulia mlangoni. Bado nashona mavazi ya ile tamthilia ya uhalifu anayoigiza mumeo. Alianza kama karani mpole mwenye shati jeupe. Kadiri anavyozidi kuwa katili, ndivyo mashati yake yanavyokolea. Watazamaji wanamsifu mwongozaji, kumbe ni mimi na ndoo yangu ya rangi.

Shida ni kwamba mumeo harudishi mashati. Huenda nayo nyumbani, na ile sauti ya kwenye tamthilia huenda nayo pia. Jana nilimtania, "Shemeji, vua basi, kazi imeisha." Akanibana mkono huku anacheka. "Nani kakwambia imeisha?" Mkono bado unauma.

Nawe kwenye simu, naye akiwa pembeni, ulisema uliteleza bafuni. Sikubisha.

Limebaki shati la mwisho, jeusi tii, la siku karani anapomuua mkewe. Mumeo analitaka leo. Nimemdanganya halijakauka, naye kaketi hapo nje analisubiri. Anayekuletea barua hii ni wifi yako, mke wangu. Chukua watoto, ondoka naye sasa hivi. Mimi naendelea kulimwagia maji.

Kaka yako,
Fundi Vifungo