Shimo la Ndizi Katika Bustani ya Cimpunda

Bukavu, Cimpunda, tarehe 11 mwezi wa tatu 2000

Kwako mudogo wangu mupendwa Domitille, Maman Larissa,

Nakusalimia kwa mikono miwili, mumoja nimenawa, mwingine ungali na udongo. Habari ya Kinshasa? Habari ya Larissa na Priscille? Na ule mugongo wako, umepona ama ungali unakuinamisha kama mama muzee? Huku sisi tuko, tunapumua, na siku hizi mutu anayepumua hasemi kwamba hana kitu. Sambaza, visamaki vyetu, zingali zinatoka mu ziwa, hazijui kama kuna vita.

Barua hii Sista Colombe anakuletea. Ukiisha kuisoma, uitie mu moto, hata kama maandishi yangu yanapendeza. Unajua niliishia primaire ya tano, lakini mwalimu alisema mukono kama wangu hajauona toka Bukavu mupaka Kindu.

Najua unaruka salamu zangu ukitafuta jina moja. Basi nalitia hapa. Benoît, bwana yako, iko muzima. Jana asubuhi nilimuona kwa macho yangu. Sasa vuta pumzi na usome polepole, juu huo uzima uko na njia ndefu.

Toka ulipopanda ndege kwenda ndoa ya mutoto wa tantine Rosalie, na vita ikafunga njia nyuma yako, shemeki Benoît alibaki hapa akienda kwa kituo cha utafiti cha Lwiro na kurudi, kuhesabu majani yake. Mwezi wa kwanza wa mwaka huu akajitia mu mambo ya ile karatasi iliyoomba watu wabaki nyumbani na wafunge maduka, kupinga basoda wanaoshika muji kwa bunduki. Yeye alisahihisha virgule, zile alama ndogo za kupumzikia. Virgule tu, Domitille! Muzee Gérard aliyeipiga kwa mashine, basoda walimuchukua kisha siku ine, na mupaka leo bibi yake anapeleka chakula kwenye mulango wa kambi yao, ambapo wanamuambia mutu wa jina hilo hawamujui. Jina la pili kwenye liste ni la bwana yako. Kwa hiyo yote nitakayoandika hapa, bustani, ndizi, maua, yako na maana moja tu: wasimupate.

Shemeki alitaka tuchimbe gizani kama wezi. Nilimukatalia. Nilimuambia yeye iko na diplôme lakini mimi niko na akili: mutu anayechimba gizani anaficha, mutu anayechimba saa ine ya asubuhi akiimba, huyo analima. Nilichimba nyuma ya nyumba, pale baba alipokuwa na shimo la kuivishia ndizi za pombe ya kasiksi. Unalikumbuka. Mimi nililishusha chini mara mbili. Mu kati nilitia mbao, mbao zile za kitanda cha mama, Mungu anisamehe. Juu ya mbao, nafasi ya ndizi. Chini ya mbao, nafasi ya mutu kukaa na magoti yake. Pumzi inapita mu mianzi miwili, na midomo ya mianzi inatokea mu pneu ya maua, tairi la gari lililokufa, pale hakuna anayeangalia.

Lakini shimo linazaa udongo, na udongo mupya ndio muchongezi mubaya kuliko jirani. Siku hizi mu muji wetu, mutu akiona udongo umegeuzwa, anajiuliza ni bunduki ama ni maiti. Kwa hiyo ule udongo wote ulipaswa kuwa bustani. Na bustani ilikuwa, Maman Larissa! Unajua parcelle ya baba inavyoteremuka, hata kuku anashuka akijishikilia. Nilitafuta mifuko ya unga iliyotoboka, nikaishona, nikaijaza udongo, nikapanga ngazi tatu zinazoshika mulima. Ya juu maharagi, ya kati mboga za lengalenga na bitunguru, ya chini maua. Pneu nne zilizokufa nilizikata kwa kisu cha moto, nikazigeuza zikafunguka zenyewe kama ua. Chupa za bia ya Primus zilizovunjika shingo nilizipanda kichwa chini pembeni ya njia, jua likizipiga unafikiri iko kanisa. Mawe nikayapaka chokaa iliyobaki kwenye kaburi la baba. Gharama ya yote haikufika jogoo mumoja mwenye afya. Maharagi yalipanda kwa nguvu, mupaka asubuhi moja jirani alikuta yamepita mu dirisha yakamushika mukono akinywa chai. Chef wa avenue alisema tangu Wabelgiji hajaona kitu kama hicho.

Shemeki alikuwa ananisahihisha toka chini ya ardhi. Nikimuagilia ua, nasikia mu mwanzi sauti ndogo ikiniambia kwamba hiyo haiko lili, iko ya jamaa ingine, na jina lake la Kilatini ni hili na hili. Nilimujibu kwamba mutu aliye ndani ya shimo hafundishi mutu aliye juu yake. Lakini yale majina niliyashika, niliyapenda, yalijaa mu kinywa vizuri. Ukumbuke jambo hilo, nitalirudilia.

Na woga, mudogo wangu. Nisikufiche. Mabuti ya basoda yakipita mu avenue, naanza kuimba kabla hata sijajua ninaimba nini. Mvua ikinyesha, maji yanaingia chini, na shemeki akaanza kukohoa. Niliweka kibanda cha cobaye, vile vipanya vya kufugwa, karibu na shimo, zipige kelele, zifunike kikohozi. Zilikaa kimya kama watawa. Basi mimi nikaanza kukohoa. Nilikohoa kwa soko, kwa misa, mbele ya jirani, ili kikohozi cha parcelle yetu kiwe na mwenyewe.

Jumamosi ya wiki iliyopita, komanda Alphonse akaja. Aliingia na basoda wawili, bila kubisha, akasema amesikia kuna bustani hapa. Iko mutoto wa huko Walungu, alinisalimia kwa Mashi, luga yetu ya nyumbani, na hiyo iliniogopesha kuliko kama angelinitukana. Alipita ngazi zangu zote, akagusa pneu, akahesabu chupa. Akauliza majina ya maua, nikamupa Kilatini. Akacheka, akaniuliza ni wapi muzee wa Cimpunda amejifunza mambo ya Lwiro. Nilisema kwa radio.

Kisha akakaa kwenye ubao pembeni ya shimo. Visigino vyake vilikuwa juu ya kichwa cha bwana yako. Akauliza hapa chini kuna nini. Nilisema ndizi, za kasiksi. Nilifikiri nimejibu vizuri sana. Domitille, yule mutu mama yake alikuwa anapika kasiksi! Akaniuliza zimeingia lini. Na mimi, kichwa cha kuku, nikasema leo. Akahesabu kwa vidole mbele ya basoda wake, moja, mbili, tatu, ine, tano. Akasema, vizuri, muzee, siku ya tano nitakuja mimi mwenyewe kufungua, nione kama wazee wa Bukavu wangali wanajua kazi. Mu shimo hamukuwa ndizi hata moja.

Ilinibidi nitafute mikungu sita kabla ya jua kuzama. Niliipanga juu ya mbao, na majani, na udongo juu. Shemeki akabaki chini, kwa sababu mumoja wa basoda aliachwa kwenye kona ya avenue, akiangalia nani anatoka kwetu. Unajua ndizi zikiiva zinavyotoa moto. Siku ya tatu shemeki aliniambia mu mwanzi kwamba anakaa kama ndani ya mudomo wa mutu mugonjwa. Siku ya ine hakusema kitu, nikapiga mwanzi kwa kijiko, akajibu kwa ukucha. Nilikaa pale nikimenya maharagi yaliyokwisha kumenywa, nikisema rozari kwa sauti ya mutu anayekohoa.

Siku ya tano komanda akaja. Hakuniacha nishike jembe. Alipiga magoti yeye mwenyewe, akatoa udongo, akafungua majani, akaingiza mukono kati ya mikungu, taratibu, kusikia joto, vile mama zetu wanavyofanya. Mukono uliingia mupaka kiwiko. Ukabaki pale. Nilimuangalia usoni nikaona macho yake yamesimama. Shemeki aliniambia kisha kwamba kati ya mbao mbili aliona vidole vine na pete ya shaba, karibu ya kuviuma, na alifunga kinywa lakini pua haikukubali kufungwa.

Komanda akasema, polepole, kwa Mashi, ili basoda wake wasisikie: «Muzee, ndizi zako zinapumua.»

Mumoja wa basoda akauliza kama wachimbe yote. Komanda akatoa mukono, akaupangusa kwenye suruali, akacheka kicheko kikubwa. Alisema kwa sauti ya wote kwamba mupumbavu tu anafungua ndizi mbichi, na anayefungua mapema anakunywa maji. Akafunika majani yeye mwenyewe. Kisha akaniangalia, akasema atarudi siku ya tatu, na siku hiyo hatakuja peke yake. Wakaenda, na yule wa kwenye kona wakaenda naye.

Mimi na shemeki tulibishana juu ya neno hilo kama waavoka mbele ya juji. Mimi nilisema anatutega, anakwenda kuita wakubwa. Yeye, na virgule zake, alisema mutu anayetega hatoi tarehe, ametupa siku tatu. Mupaka sasa sijui. Lakini jana asubuhi, watu wakitoka misa ya kwanza, Benoît alitoka mu parcelle hii na koti langu, na kofia yangu, kichwa kimenyolewa, jembe kwa bega, akikohoa kama mimi. Chef wa avenue alimusalimia, Philémon, mambo? Akainua mukono. Njia aliyopita sitaiandika. Sista Colombe atakuambia kwa mudomo.

Sasa kaa chini, Maman Larissa, kwa sababu kuna kitu sijasema, na kinaniuma kuliko vyote. Utajiuliza komanda alisikia wapi habari ya bustani. Hakuna jirani aliyetuchongea. Ni mimi. Kwa Maman Nsimire, kopo la pili la kasiksi mu mukono, nilisema mbele ya watu kumi na zaidi kwamba niko na bustani ya kushinda ya gavana, na maua yangu yana majina ambayo hata basoda wakubwa hawawezi kuyatamuka. Niliyatamuka moja moja. Watu walipiga mikono. Bwana yako alikuwa chini ya udongo akikohoa mu shati lake, na mimi nilikuwa napigiwa mikono kwa Kilatini chake. Kijana mumoja mwenye kofia ya basoda alisimama kwenye mulango, nikamuona, nikaongeza ua moja. Shemeki nilimuambia asubuhi akivaa koti. Alifunga vifungo vyote, kisha akasema lile ua la mwisho nililitamuka vibaya.

Na nikishafungua kinywa, nimalize. Wewe na watoto wako mulikua na hadithi yangu ya vita ya mercenaires, wale wazungu wa kukodiwa, ya soixante-sept, mwaka wa 1967, vile nilivyomupiga muzungu kwa mupini wa jembe. Mwanzoni alikuwa mumoja. Mwaka juzi walifika sita. Hakuna muzungu hata nusu. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nilikaa siku tatu mu shimo hili hili la ndizi, na mama alikaa juu akimenya viazi, akiimba, basoda wakipita. Vile ndivyo nilijua kipimo cha kuchimba. Si akili. Ni woga niliouhifadhi miaka salasini na tatu.

Kesho ni siku ya tatu. Shemeki alitaka tutoke wote, nilikataa. Wakikuta hapa hakuna mutu, watafunga njia leo hii, na yeye angali anatembea. Kwa hiyo tangu jana ninamuagilia maua na kofia ya zamani ya baba kichwani, nakohoa, naongea na mwanzi, nagombana na shimo juu ya Kilatini. Jirani ananicheka. Zile mbao nilizitoa, nikajaza ndizi mupaka chini kabisa. Kesho wakifungua watakuta ndizi na ndizi tena. Kama komanda ni mutu wa mama yake, tutakunywa kasiksi. Kama haiko hivyo, shimo ni refu, na limeshapimwa kwa mutu.

Ninaogopa, Domitille. Mukono huu mwalimu aliousifu, uangalie kwenye mustari huu, utaona neno moja nimelifuta mara tatu.

Jambo la jana usimuhadisie mutu. Hata ukisema, watajibu ni zile za Philémon. Uongo wangu wote ulikuwa na mashahidi wenye kupiga mikono, na hii moja ya kweli haina hata cobaye wa kuisemea.

Unisalimie Larissa na Priscille, uwaambie tonton yao anawakumbuka kwa majina yao yote ya ubatizo. Unisalimie tantine Rosalie. Benoît akifika, umupe chai ya moto na umuache alale karibu na dirisha, lililofunguliwa. Mungu awalinde, na Bikira Maria awafunike.

Na siku moja ukisikia mutu anayetoka Bukavu akisema kwamba huko Cimpunda kuna muzee anayejisifu, anayesema maharagi yake yamefika mupaka mbinguni na malaika wanalalamika, usikasirike kama zamani. Cheka, piga mikono. Utajua kaka yako iko muzima.

Ni mimi kaka yako,

Philémon,
wa bustani